Zamu Yangu na Moto wa Vesta

Nililala. Nilipiga magoti kando ya kochi kuombea Uvira, mji wa kwetu, paji la uso likagusa mto, nikasinzia kama mtoto aliyeshiba. Tangu alfajiri hadi mchana nilikuwa Märsta, huku ughaibuni, nikisafisha uwanja wa ndege, lakini huo si udhuru mbele za Mungu.

Kanisani kwetu Alby tuna mnyororo wa maombi. Ukimaliza saa yako unampigia anayefuata, unamwambia, "Pokea." Haujakatika tangu nyumbani kulipoharibika kwa vita. Mama Axel, kiongozi wetu, hutukumbusha kila Jumapili: siku utakapokatika, tusiulize kwa nini wa kwetu wamepatwa na mabaya. Dada yangu Maombi yuko kule Uvira. Na saa yangu ilikuwa imepita bila kumpigia mtu.

"Mama, umekoroma," akasema binti yangu, Ghislaine, pale mezani. Alikuwa akijizoeza somo la kesho shuleni, hekalu la Vesta, mungu wa kike wa Warumi. Nikamwambia aendelee, angalau nisikie kitu kingine zaidi ya moyo wangu.

Hekalu lilikuwa la duara, akanieleza, na ndani hamkuwa na sanamu, moto tu. Wanawake sita waliulinda, kila mmoja kwa miaka thelathini, maana watu waliamini ukizimika mji utaangamia. Mlinzi aliyeuacha ukazimika alichapwa viboko na kuhani mkuu.

"Kumbe ulizimika?"

"Ja, mama," akaitika, akichanganya lugha ya shuleni na Kiswahili cha kwetu. "Nabo balikuwa banachoka."

"Na mji?"

"Balisugua miti, bakauwasha tena. Hata bila kuzimika, kila mwaka mwezi wa tatu balikuwa banauwasha upya."

Wapagani, nikajisemea. Wapagani, lakini walijua la kufanya moto ukizimika. Sisi tunajua kutishana tu.

Simu ikalia. Mama Axel. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, kwamba mtandao ulisumbua, ila nilikuwa nimechoka hata kudanganya.

"Mama Axel, nililala. Mnyororo umekatika kwangu. Tuuanze upya."

Nikasikia birika lake likichemka kule kwake Hässelby.

"Mama Ghislaine," akasema taratibu, "wewe si wa kwanza kulala. Ni wa kwanza kusema."

Nikakata simu. Nikampigia Maombi, Uvira. Iliita sana, nikakumbuka onyo la kila Jumapili, nikaanza kulia. Mwisho akapokea, sauti nzito, akinigombeza kwa kumkatizia usingizi wake wa mchana.