Jina la Baba Mkwe

Usiniulize jina la baba mkwe wangu. Sitalitaja hapa wala mahali pengine, na kama umekuja kwa ajili hiyo, rudi ulikotoka. Mkwe ni mkwe. Nitakachokueleza ni habari ya kompyuta ya chama chetu cha wakulima wa kahawa, na jinsi mwaka ule wa tisini na tisa ilivyotaka kutumaliza, sisi ambao tulikuwa tumeshachoka hata bila msaada wake.

Ililetwa Kayanga na wafadhili, ikawekwa kwenye chumba tulichopewa na parokia, meza moja na redio ya upepo ya kuzungumzia na parokia nyingine. Akaja pia bwana mmoja kutoka Bukoba, Telesfori, kutufundisha. Akasema kwanza tuchague programu ya kufungulia mtandao. Zilikuwa mbili, Netscape na Explorer. Mimi nilidhani ni suala la dakika. Loo! Kamati ilikaa kama inapanga mahari. Mjumbe wa Kibingo alitaka ile yenye picha ya usukani wa meli, kwa kuwa ina heshima. Mwingine akasema Karagwe hatuna meli, usukani wa nini? Mwisho tukachukua ile iliyowahi kufunguka kabla chai haijapoa.

Halafu ikaja ya kutengeneza ukurasa wa chama, ili wanunuzi wa Ulaya watuone. Telesfori alisema iko njia ya kuandika alama zote kwa mkono, na iko programu ya kuchora kwa kuburuta picha. Mwenyekiti wetu, Mzee Rwegoshora, akauliza ni ipi itafanya punje za kahawa ziwake na kuzima. Akaonyeshwa. Basi hiyo hiyo. Mimi Anonciata ndiye niliyekuwa mchapaji, kwa hiyo wao walichagua na mgongo uliouma ni wangu. Kahawa ikawaka, ikazima, na kila mjumbe aliyepita akataka mgomba wake nao uwekwe.

Mwisho ikaja ya neno la siri, la kufungulia barua za chama kwenye mtandao. Telesfori akashauri walijue watu wawili au watatu. Rwegoshora akakataa katakata.

"Ghala lina mshika funguo mmoja," alisema. "Wakiwa watatu, kahawa ikipungua utamkamata nani?"

Wote wakaguna kukubali, maana hivyo ndivyo tulivyozoea ghalani. Wakanitazama. Mkaza mwana wa watu, hana maneno, alisema mmoja. Mimi sina maneno! Nilinyamaza tu kwa sababu nilitaka waondoke nikapumzike. Telesfori akaniambia nichague neno nisiloweza kulitamka hata nikilewa, hata nikigombana, wala nisiliandike popote. Wengine wangehangaika. Mimi nilikuwa nalo tayari.

Siku nilipopelekwa kwa mume wangu Celestin, shangazi yake alinivuta pembeni akaninong'oneza jina moja, mara moja tu, ili nijue nisilolitaja, maana kwetu mwanamke hataji jina la nyumbani la mume wala la mkwe. Watu wote Isingiro wanamwita baba mkwe Mzee Fidele, na hilo hata mimi nalitaja, maana jina la ubatizo ni la padri. Hilo lingine alipewa na baba yake huko Rwanda. Alipovuka mto mwaka wa hamsini na tisa, alilifunga humo kifuani, hakumwambia mtu. Waliokuwa wakimwita hivyo walibaki ng'ambo, na wengi wao hawapo tena. Huku anayelijua ni wa nyumbani, na wa nyumbani hawamwiti hivyo.

Nikalichapa. Nilijiambia kuchapa si kutaja, mdomo umefungwa. Kila asubuhi niliketi, nikauma midomo, nikaligonga kwa vidole, sanduku la barua likafunguka. Nilikuwa najionea fahari kidogo, kusema kweli.

Basi mwezi wa kumi baba mkwe akapigwa kiharusi. Upande mmoja ukalala na sauti ikaondoka. Tulimlaza kwenye zahanati ya kanisa kule Isingiro, na Celestin alikuwa Mwanza na lori la watu, kwa hiyo nani wa kumgeuza mzee? Mimi na mama mkwe. Yeye usiku, mimi mchana, na kati ya hapo kuna kufua, kupika ndizi, kuchota maji. Nilichoka mpaka nikawa nasinzia nimesimama. Baba mkwe alilala ameangalia ukuta. Tulimsemesha, hakugeuka. Mama mkwe alimwita "baba wa watoto" kila alipomletea uji, kijiko mkononi, na yeye hakuonyesha hata kwa jicho kwamba kuna mtu anaitwa. Uji ulimwagika shavuni. Daktari msaidizi alisema asipoanza kumeza, tujiandae.

Jumamosi mchana mvua ilikuwa inapiga bati, wagonjwa wa nje wamekwisha, nikasikia redio ya zahanati upande wa pili wa ukuta wa mbao. Aliyekuwa zamu ni Gaspari, shemeji yangu, aliyemwoa dada yake Celestin. Akaniita.

"Mwenyekiti wako huyu, anapiga kelele kama ameungua."

Ni kweli Rwegoshora alikuwa anapiga kelele. Mnunuzi wa Ulaya alikuwa amepiga simu parokiani. Alisema ametuma barua kwenye mtandao yenye masharti yake, naye anataka jibu la maandishi kwa njia hiyo hiyo kabla ya jioni, la sivyo anachukua kahawa ya watu wengine. Sasa elewa: wanachama wote walikuwa wamezuia kahawa yao tangu mwezi wa saba kumngoja huyo mtu. Magunia yalikuwa yamelala vyumbani na watoto, mvua zimeanza, mengine yameanza kunuka ukungu. Wachuuzi walikuwa wanapita mlangoni wakicheka. Kahawa ya baba mkwe mwenyewe, miche aliyoipanda kwa mikono yake, ilikuwa chini ya kitanda changu. Tukimkosa mnunuzi, mwaka mzima umekwenda na maji, na chama nacho.

"Anonciata, tupe neno, ova!"

"Nakuja mwenyewe, ova."

"Utakuja na nini? Daraja limechukuliwa tangu asubuhi! Tupe neno, ova!"

Nikashusha pumzi. Nikamwambia ni jina la baba mkwe wangu.

Nikasikia anacheka. "Basi kumbe rahisi! Fidele!" Akalichapa. Likakataa. Akachapa Mzee Fidele, likakataa. Redio ya upepo haina siri, kila parokia inasikia, na sauti moja kutoka Kibingo ikaingilia ikitushauri tujaribu Mtakatifu Fidele.

"Ana jina lingine la nyumbani," nikasema. "Hilo siwezi kulitaja, ova."

Rwegoshora ni Mnyambo, na kwao pia mkwe hatajwi ovyo. Nilijua ananielewa, na kunielewa kwake ndiko kulikonikasirisha, maana mtu akikuelewa huna hata wa kugombana naye.

"Basi mwambie mwingine alitaje," alisema kwa upole. "Ova."

Nikamgeukia Gaspari. Naye akainua mikono yote miwili kama anayetishiwa bunduki.

"Shemeji, usinitazame. Mimi nimeoa kwake. Nimtaje baba mkwe wangu hewani, Karagwe nzima inasikia? Nitaingiaje tena mji ule?"

"Nikikuandikia kwenye karatasi?"

"Utaandika wewe, mdomo utakaosoma ni wa nani?"

"Basi nitaje herufi moja moja."

Hapo mama mkwe akajibu kutoka mlangoni. Hatukujua alikuwa amesimama pale na bakuli la uji. "Ukimkatakata mbuzi vipande, anakuwa kuku?"

Nikaona haya mpaka masikio yakawaka moto. Ilibidi nimweleze yote, kwamba neno la kufungulia barua za chama ni jina lile, na kwamba kahawa yote inalingoja. Nilitegemea anitukane. Alisikiliza tu, mvua ikimdondoka kwenye khanga.

"Unaliandika?"

"Ndiyo, mama. Kila asubuhi. Sijalitamka, naapa."

"Kila asubuhi," alirudia.

"Nisamehe, mama."

Mimi machozi yalinitoka, na si ya toba tu, nilikuwa nimechoka, jamani. Nimechoka na kompyuta, na uji, na mashuka, na kuwa mimi peke yangu niliyeshika funguo za kila kitu. Watu watatu tuko pale na midomo yetu, na hakuna hata mmoja mwenye ruhusa. Mwenye ruhusa amelala upande wa pili wa mbao na hana sauti. Rwegoshora alikuwa anaita, "Isingiro, Isingiro, mpo? Saa inakwenda, ova."

Mama mkwe akaweka bakuli mezani. "Na mimi sijawahi," alisema. Alisema taratibu, kwa Kinyarwanda, kama anajisemea. "Nilikuja kwake nina miaka kumi na saba. Mama yake alikuwa akimwita kutoka ng'ambo ya bonde, ng'ombe wakirudi. Jina lile lilikuwa linafika mbali! Mimi nilikuwa nasikiliza tu. Tangu tuvuke sijamsikia mtu akimwita." Akatazama ukuta wa mbao. "Anayeweza kunikataza ni yeye, na yeye hasemi."

"Mama, acha," Gaspari alisema. "Kahawa itapatikana mwaka mwingine."

"Mwaka mwingine yeye yuko?"

Akauliza mahali pa kusemea. Gaspari akamshikia kile kidude, akabonyeza, akageuza uso wake mwenyewe dirishani. Mimi niliinama. Mama mkwe akalitaja.

Alilitaja kwa sauti ndogo, ya mtu anayeonja chumvi. Redio ikakwaruza.

"Sijapata, ova! Rudia kwa nguvu, ova!"

Ndipo alipovuta pumzi, mama wa watu, mwembamba vile, akaliita. Hakulitaja, aliliita, akalivuta mwisho wake kama mtu anayesimama juu ya kilima akiita mtu aliye bondeni. Sijui alilitoa wapi.

Na kutoka upande wa pili wa ukuta, mtu akaitika.

Haikuwa neno. Ilikuwa sauti nzito, iliyopasuka, ya mdomo wa upande mmoja, lakini ulikuwa mwitiko wa mtoto anayeitwa na kwao, yule mtoto anayeitika kabla hata hajajua anatakiwa nini. Gaspari akaachia kidude. Mama mkwe akashika kiti. Kisha akaita tena, hakuwa anaisemesha redio sasa, na mzee akaitika tena, kwa nguvu kuliko mara ya kwanza.

Mama mkwe akatoka mbio. Akamwacha Gaspari, akaacha hata bakuli.

"Limefunguka!" Rwegoshora alikuwa anapiga kelele. "Anonciata, limefunguka! Barua hii hapa! Masharti ni yale yale tuliyokubaliana! Nijibu nini, ova?"

Nikafuta uso. "Mjibu ndiyo, mzee. Na mpigie Telesfori akupangie neno lingine, mlishike watu watatu, ova."

"Mbona sasa lile ni zuri, limetuokoa—"

"Mzee, nimechoka. Ova."

Nikaizima redio, ingawa si yangu. Nikachukua uji, ulikuwa umeshapoa, nikaenda mpaka mlango wa wodi. Sikuingia. Kwa adabu ya kwetu mimi sikupaswa hata kuwa nasikia. Mama mkwe alikuwa amepanda kitandani na miguu yake yenye matope, kichwa cha mumewe kiko mapajani mwake, na alikuwa anamwita. Anamwita, anangoja aitike, anamwita tena. Baba mkwe alikuwa ameuacha ukuta, amemgeukia, na jicho lake lile zima lilikuwa linamtazama.

Mama mkwe akaniona. Akanyoosha mkono bila kunyamaza. Nikampa bakuli na kijiko, nikiwa nimeinamisha macho, nikasikia jina lile, halafu kimya kidogo, halafu baba mkwe akimeza.