Aproni ya Sista Yusta

Sista Yusta alibonyeza kikatio, na mkate mwembamba ukapasuka vipande vipande. Akachukua mwingine. Nao ukapasuka.

"Unaukata mkavu," Sista Bupe alisema kutoka kwenye mashine ya kuokea. "Umeanza lini hayo?"

Hostia, vile vimkate vya komunyo, hazikatwi siku ile ile mkate ulipookwa. Mkate hulazwa kwanza chini ya kitambaa chenye unyevu mpaka ulainike. Yusta alilijua hilo tangu mwaka wake wa kwanza monasterini. Leo mikono ilikuwa hapa, akili imebaki chumba cha wageni.

Asubuhi dada yake Faustina alikuja kutoka Kilolo. Walizungumza nondo za dirisha zikiwa katikati yao, kama ilivyo kwa watawa wasiotoka nje ya monasteri.

"Kamwene, mdogo wangu. Hata gerezani siku hizi watu wanashikana mikono."

"Kamwene, dada. Mama anaendeleaje?"

"Chakula hataki. Akiamka anakuita wewe. Mimi ninayemwogesha ananiuliza eti mimi nani." Faustina alicheka kidogo, kisha akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Kesho narudi. Unakuja au huji, niambie nijue cha kumjibu."

Jumapili Yusta alikuwa aweke nadhiri za daima. Akitoka, zingeahirishwa.

Alimfuata Mama Apolonia, mkuu wa monasteri, aliyekuwa akichambua maharage.

"Mama, nimeharibu hostia."

"Tutaoka nyingine. Na dada yako umemjibu nini?"

Yusta aliinama, akaanza kuchambua naye.

"Unaogopa hutamkuta mama yako hai?"

"Naogopa nikishamwogesha sitarudi."

Mama Apolonia aliokota kijiwe kwenye maharage, akakitupa. "Nadhiri ya mtu anayeogopa mlango siitaki. Nenda. Nitampigia askofu leo."

"Na nisiporudi?"

"Tutajua wote wawili."

Alidhani akipewa ruhusa moyo ungetulia. Haukutulia. Alirudi chumba cha kazi, akafunga makombo ya hostia kwenye mfuko; mama yake alipenda kuyaloweka kwenye uji. Kisha akalowesha kitambaa, akakikamua, akaifunika mikate iliyobaki. Kesho ingekuwa laini, na yeye angekuwa kwenye basi.

Akavua aproni, akaanza kuikunja amwachie Bupe.

"Itundike pale pale," Bupe alisema bila kugeuka. "Mimi yangu inanitosha."

Yusta akaikunjua, akaitundika msumarini ikiwa bado na unga.