Nafasi Nyeupe Ukurasa wa Saba

Genoveva, Mama Erick kwa wenzake wa ofisi ya wakimbizi, alipachika stensili mpya, karatasi ya nta ya kudurufia, kwenye taipureta, akaendelea na orodha ya marehemu wa wiki. Jina, umri, sababu. Mwaka huo wa 1997 wakimbizi Kigoma walikuwa wengi kuliko karatasi za kuwaandika, na yeye ndiye aliyepiga chapa majina yao wote, wazima kwa wafu. Msichana, miaka kumi na sita: tumbo. Msichana, miaka kumi na mitano: tumbo. Malaria ilikuwa na jina lake, kipindupindu nacho lake, lakini wasichana wa umri ule walikufa kwa tumbo tu.

Neno hilo alilijua tangu utotoni Ilagala, kijijini kwao kando ya Ziwa Tanganyika. Walikuwa wawili, yeye na rafiki yake Rozalia, wakianika dagaa mchangani huku wakishindana kuimba. Jua likikolea wanajitosa ziwani na nguo zao, wanatoka wanacheka, meno yakigongana. Maji ya siku zile! Hata leo akisikia harufu ya samaki wa migebuka kwenye mawese, moyo unarudi kule mbio. Kisha Rozalia, akiwa na miaka kumi na mitano, akapata mimba, akanywa dawa ya mizizi kwa siri, akafa. Watoto waliambiwa ni tumbo. Genoveva alikaa mwaka mzima akiogopa kula maembe mabichi.

Jumapili moja ya Kwaresima, amepiga magoti kanisani Katubuka, alisikia moyoni, wazi kama mtu anayebisha hodi: wewe unayeandika tumbo, waandikie watoto. Hakuwa mtu wa maono, na maishani hakuwahi kuandika hata barua ndefu. Akaandika hivyo hivyo. Kurasa kumi na mbili, kwa watoto wa mafundisho ya Jumapili, habari za wasichana wawili wa ufukweni. Karatasi alinunua kwa kuuza mawese. Kilichobaki ni ruhusa ya mashine ya kudurufu, na muhuri, kwa kuwa miaka ile ya ukimbizi hakuna karatasi iliyogawiwa watu bila muhuri.

Muhuri ulikaa kwa Bwana Telesphory, mkuu wa ofisi, aliyehamishiwa Kigoma mwaka juzi na bado analilaumu joto kana kwamba ni mtumishi mzembe. Alisoma huku akijipepea.

"Mama Erick, mwanzo mtamu. Umenikumbusha kwetu. Lakini ukurasa wa saba, hapana."

"Una nini, bosi?"

"Alitoa mimba! Kwa watoto wadogo?"

"Rozalia alikuwa mtoto, bosi. Na hao ninaowaandika kila Jumatatu?"

"Hao ni takwimu. Andika tumbo lilimuuma, nigonge muhuri sasa hivi."

"Huo si uongo?"

"Kwani tumbo halikumuuma?"

Genoveva alikuwa na hasira, lakini kazi aliihitaji. Alichukua dawa nyekundu ya kufutia stensili, akaipaka sentensi ile ya kutoa mimba taratibu, herufi kwa herufi. Ilipokauka alipaswa kupiga maneno mapya juu yake. Hakupiga. Alizungusha mashine, nakala hamsini zikatoka, na katikati ya ukurasa wa saba pakabaki peupe. Telesphory aligonga mihuri kwenye majalada bila kufunua hata moja.

"Umeona? Kumbe ni rahisi," alisema. "Haya, malizia na orodha."

Akaimalizia. Msichana, miaka kumi na minne. Alitafuta sababu kwenye karatasi ya kambini, akaona walichoandika, akapiga: tumbo. Aliona haya mwili mzima.

Saa kumi alasiri alikaa barazani pa kanisa, vijitabu mapajani. Akilini alimwona Rozalia akitoka majini, akikamua gauni, akimwita, "Genove we!" Akafungua kijitabu cha kwanza, akatoa kalamu ya wino, na kwenye nafasi nyeupe akaandika kwa mkono: *Rozalia alitoa mimba akiwa peke yake, kwa sababu alituogopa.*

Alilia kidogo, akafuta uso kwa khanga, akavuta cha pili.