Mgonjwa wa Kikapuni

Nilimkuta Doña Carmín amepiga magoti sebuleni, amembana kwapani mbwa wake mdogo wa Chihuahua, anampulizia puani dawa ya pumu. Dawa ile nilimpa mimi, mhudumu wake wa afya, mkononi, kwa ajili ya mapafu yake yeye.

"Karibu, mwanangu," akasema akihema, maneno yakimtoka mawili mawili. "Subiri kidogo... nimalize... na mgonjwa."

Damu ilinichemka. Miezi minane nilikuwa nikimpigia mbuzi gitaa! Nilimchorea picha, nikambandikia karatasi kwenye jokofu, nikamweleza mpaka koo likanikauka: inhela, kikopo cha kuvutia dawa, ya rangi ya chungwa kila siku hata ukijiona mzima, ya bluu ukibanwa na pumzi. Kila alipokuja zahanati nilitazama kidirisha cha namba kwenye inhela yake, nikaona dozi zinapungua sawasawa, nikamsifu mbele ya wenzake. Na bado alilazwa mara mbili. Wiki hii vumbi la Sahara limevuka bahari na kufunika mji wetu wote wa Mayagüez, linabana vifua, ndiyo maana nikaamua kumfuata nyumbani.

"Mama, hiyo dawa ni yako!"

"Ilikuwa yangu. Dada yangu kanitumia ujumbe wa sauti: ukilala na Chihuahua, pumu inakutoka wewe inamwingia yeye. Sasa kaibeba huyu, mimi dawa ya nini? Halafu nimwache akohoe hivihivi? Sina roho mbaya hiyo."

"Na huko kuhema kwako?"

"Mabaki tu hayo. Yanamalizikia."

Habari ya Chihuahua anayebeba pumu ya mtu nani hapa hajaisikia? Mama yangu mwenyewe alimlaza mmoja kitandani kwa kaka yangu mwenye pumu. Lakini katika karatasi zangu zote hapakuwa na mstari hata mmoja kuhusu imani hiyo, kwa kuwa niliona haya kuandika upuuzi. Dada mtu hakuona haya. Alizungumza na Doña Carmín kila asubuhi, kwa sauti ya nyumbani, akimwita kipenzi.

Ingekuwa rahisi kumwambia kwamba mbwa ameshindwa, nusu ya ugonjwa imerudi. Angevuta dawa papo hapo. Uongo ule ulinifika ncha ya ulimi, nikaumeza kwa shida. Nikaketi sakafuni karibu naye.

"Mama, pumu haihami. Mbwa hawezi kukupokea ugonjwa wako. Huenda anakohoa kwa sababu ya hiyo dawa unayompulizia."

Nilitarajia anifukuze. Alimrudisha mbwa kikapuni, akamfunika kwa kitambaa, huku akipigania pumzi.

"Kwa hiyo usiku wote ule," akasema, "tulivyolala wawili... nilikuwa nayo peke yangu?"

Nilichukua inhela ya bluu iliyokuwa kando yake, nikaitikisa, nikamwekea mdomoni.

"Vuta polepole, mama. Nitakuhesabia."

Akavuta, akaishikilia pumzi, na kwa mkono mwingine akanishika mkono.