Chanuo la Dada

Watu wa mtaa walimwita Mama Chanuo, ingawa hakuwa na mtoto. Machanuo ya pembe za ng'ombe ndiyo aliyoyazaa. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha upande wa jua, na kila alasiri unga wa pembe ulielea humo kama ukungu usio na haraka.

Dada yake mkubwa, nesi, alikuja kukaa naye baada ya matibabu makali yaliyomaliza nywele zake zote, hadi nyusi. Kutwa alijilaza mkekani karibu na mlango, akisinzia na kuzinduka, huku mdogo wake akipasha pembe moto ili ilainike, kisha akiibana iwe bapa.

"Inanuka kama nywele zilizoungua," dada alisema siku moja, macho ameyafumba.

"Pembe ndivyo inavyonuka, dada. Nikuhamishe?"

"Niache. Ni kitu kimoja, mdogo wangu. Pembe, nywele, kucha, unyoya wa kuku, kwato za mbuzi. Protini ile ile, inaitwa keratini. Mwili wa huyu unaifuma hivi, wa yule unaifuma vile." Akafumbua macho. "Nitengenezee chanuo."

Mama Chanuo alibaki na tupa mkononi. Kumpa mwenye kipara chanuo si kumsimanga? Lakini mkubwa akisema, amesema. Akachagua pembe nzuri kuliko zote, ya rangi ya asali yenye mawingu meusi.

Kazi ilimchukua siku kadhaa. Alasiri moja, akiwa anamalizia meno, msumeno uliimba wimbo mmoja tu na joto likamlemea, hata akawa hajui kama yu macho. Aliiona pembe ikiota nywele laini. Nywele zikatanuka zikawa manyoya, na dada yake akasimama mlangoni amefunikwa manyoya ya kijivu tangu utosini, akijikung'uta taratibu kama njiwa aliyetoka kuoga. Mama Chanuo hakushangaa hata kidogo. Alimwuliza tu kama anasikia baridi.

Alipozinduka, dada alikuwa amesimama kweli, kipara kinang'aa, akipitisha meno ya chanuo kiganjani.

"Limekwisha hili?"

"Bado kung'arisha."

"Linatosha. Kaa chini."

"Mimi?"

"Umekitazama hicho kichwa? Kuku wangetaga humo. Mji mzima unachana kwa machanuo yako, mwenyewe umefuga kichaka."

Dada akakalia kigoda. Mama Chanuo akacheka, akaketi sakafuni katikati ya magoti ya dada yake, kama utotoni, enzi ambazo kusukwa kulikuwa vita. Safari hii hakulia. Chanuo lilipita polepole, likifungua fundo baada ya fundo, na vidole vya dada vikilifuata. Kwenye kucha zake kulikuwa na mfuo, mstari uliobonyea ulioachwa na ugonjwa. Nyuma ya mfuo, karibu na nyama, kucha mpya ilikuwa imeshaota, laini na safi.

"Dada, nywele zako zikirudi..."

"Zikirudi zitalikuta chanuo. Zisiporudi, kichwa chako kipo. Tulia, usinitikise."

Akatulia. Usingizi ukamchukua akiwa ameegemea paja la dada yake. Wateja wawili walikuja mlangoni, wakachungulia, wakaona heri warudi kesho.