Umri wa Mshtakiwa

Jumatatu ya kwanza ya Februari, saa tatu asubuhi, Feliciana Mtewele alikaa kwenye stoo ya majembe ya gereza, akamimina chai ya chupa kwenye vikombe viwili. Alikuwa mwanasaikolojia wa hospitali moja ya misheni mjini Njombe, na mahakama ilikuwa imemwomba aandike taarifa kuhusu msichana mmoja mahabusu. Stoo ndiyo chumba pekee kilichokuwa na mlango wa kufungika.

Msichana huyo aliitwa Jenifa. Alitoka Kifanya, akawa mfanyakazi wa ndani Makambako, na sasa alishtakiwa kwa kuchoma ghala la mbao la mwajiri wake, Clemens. Hati ya mashtaka ilisema ana miaka kumi na tisa. Alikuwa na kumi na tano.

"Nani aliwaambia polisi kumi na tisa?" Feliciana aliuliza.

"Baba mwenye nyumba."

"Na moto?"

"Nilichoma godoro langu tu. Sikujua utafika kwenye mbao."

"Kwa nini godoro?"

Jenifa alimaliza chai kwanza. "Alikuwa anaingia chumbani kwangu. Nilimwambia mama mwenye nyumba, akasema nisali."

Feliciana aliandika kurasa nne. Aliomba umri urekebishwe, Clemens achunguzwe, na kesi isikilizwe haraka kwa sababu mtoto hapati usingizi. Ombi la kuharakisha aliliandikia barua ya peke yake, akapeleka nakala kwa kila aliyehusika. Siku ya kesi, mwendesha mashtaka alisema upelelezi haujakamilika. Ikaahirishwa wiki mbili.

Waliporudi stoo, Jenifa alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mikono ya sare ilimfunika vidole.

"Huyu kesi ikiahirishwa anapungua miaka miwili," alisema askari magereza aliyemleta, kwa sauti ya mtu anayeeleza bomba linalovuja. "Fundi ameshaambiwa ampunguzie nguo."

Feliciana alimpima urefu mlangoni, akaandika. Kisha akamuuliza kama anakumbuka Makambako.

"Sijawahi kufika," Jenifa alisema. "Mama anasema nikimaliza darasa la saba ndiyo atanitafutia kazi huko."

Alikuwa ameanza kulala vizuri, na mlango ulipogongwa hakushtuka. Feliciana aliandika: *Mtoto huyu bado hajatendewa lolote, wala hajatenda.* Yale aliyoambiwa mara ya kwanza sasa alikuwa anayajua yeye tu, na Clemens na mkewe.

Kesi iliahirishwa tena, hakimu akiwa safarini. Ikaahirishwa mara mbili kwa sababu jalada lilikuwa halionekani. Machi ilipokuwa inaisha, Jenifa alikuwa na miaka saba na pengo mbele. Kwenye korido ya mahakama alikutana na mwanaume mwenye koti la ngozi, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa nyumbani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," alisema Clemens, akapita.

Rebeka, mama yake Jenifa, aliyaona hayo akiwa amekaa kwenye benchi. Alikuwa anatoka Kifanya kila tarehe ya kesi, na cheti cha ubatizo ndani ya Biblia. Karani alikuwa amekikataa kwa sababu umri wa cheti haukufanana na wa hati.

"Kamwene, daktari," alimsalimia Feliciana kwa Kibena, akamsogezea nafasi. "Nasikia uliandika barua waharakishe."

"Niliandika, Mama Jenifa."

"Usiandike tena. Waache waahirishe. Nimehesabu. Bado mara nne tu. Akirudi tumboni nitatoka naye mlangoni hapo, na askari atanifungulia."

Feliciana alikubali. Jioni ile alikwenda kuiondoa barua yake, akaambiwa imeshapelekwa juu na imesifiwa.

Kesi iliahirishwa mara mbili tu. Mwishoni mwa Aprili kilikuja kikao maalumu cha kumaliza mashauri ya watoto yaliyochelewa, na kwa sababu ya barua ile jalada la Jenifa likawa la kwanza kuitwa. Alikuwa na miaka mitatu. Kwenye kizimba hakuonekana, kwa hiyo karani alimsimamisha juu ya kiti. Maelezo ya onyo aliyoandikisha polisi yalisomwa, na alama ya dole gumba lake ikaonyeshwa. Feliciana alisoma taarifa yake yote. Hakimu alimsikiliza bila kumkatiza.

"Mahakama inamshukuru mtaalamu," alisema. "Lakini inaongozwa na hati ya mashtaka, na hati inasema mtu mzima. Kifungo cha miaka minne."

Jenifa alikuwa amesinzia. Askari alimfunga mgongoni kwa kitenge, maana nje kulikuwa na baridi. Rebeka aliomba aende naye gerezani. Alielezwa kwa upole kwamba mtoto huruhusiwa kumfuata mama aliyefungwa, ila hakuna utaratibu wa mama kumfuata mtoto. Clemens aliondoka kabla ya wengine. Alisema anawahi stendi Makambako, kuna binti wa kazi anakuja na basi kutoka Ipelele.

Baada ya hukumu Jenifa alianza kukua, kwa mwendo wa kawaida. Alikabidhiwa kwa mfungwa aliyeitwa Dorosela, aliyemlisha uji na kumfundisha kuhesabu kwa vifungo vya sare. Feliciana alipeleka rufaa, ikarudishwa kwa kosa la fomu, akaipeleka tena.

Agosti walikwenda kumwona, yeye na Rebeka. Jenifa alikuja ameshika kidole cha Dorosela. Rebeka alimpa kiazi cha kuchemsha, kilichokuwa bado cha moto ndani ya leso. Mtoto alikila chote akimwangalia. Kisha akamuuliza swali ambalo wanawake wote anaowajua huulizana.

"Na wewe unamaliza lini?"

"Bado," Rebeka alisema.

Jenifa alitikisa kichwa kwa kumhurumia, akasogea kumpa nafasi ya kukaa.