Mgongoni kwa Gaudensia

Kazi ya Anatoli ilikuwa kuruka kwa mwavuli kutoka kwenye ndege akiwa amefungwa pamoja na mtu mwingine, na mama yake, Gaudensia wa Gashoho, Burundi, aliisikia kazi hiyo kwa miaka mingi bila kuielewa hata chembe. Alijua tu kwamba mwanawe alijifunzia pwani ya Kenya, ambako watalii huomba wenyewe watupwe. Kila simu yake ilimkuta shambani, akaipokea kwa mkono wenye udongo na kuuliza kwanza kama miguu yake bado mizima. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Majirani waliuliza kama huko juu huwa anawaona malaika.

Basi Anatoli alipokuja nyumbani na habari kwamba amealikwa kuruka Gitega, siku ya sherehe ya vijana, na kwamba anatafuta abiria, Gaudensia aliweka jembe chini.

"Abiria ni mimi," alisema.

Rafiki yake Bulonza, muuza vitenge aliyetoka Kivu ya Kusini, alikuwa amekaa mlangoni akimenya maharage. Alicheka mpaka ungo ukamwangukia miguuni.

"Mama Anatoli, we iko na wazimu? Magoti yako inalia ukipanda kilima ya kanisa, sasa unataka kupanda mawingu? Mon Dieu!"

"Wazimu ni kumzaa mtu, halafu kazi yake waijue wageni," alijibu Gaudensia, na mdomo wake ukafungika. Waliomjua walijua maana ya mdomo ule.

Anatoli hakumkatalia mama yake, maana hakuwahi kujifunza namna ya kumkatalia. Badala yake alitoa kwenye begi kitabu cha maelekezo ya vifaa na hatari, kinene, kurasa zake zimechakaa pembeni kwa kufunuliwa. Alikaa naye uani akamtafsiria ukurasa baada ya ukurasa, akitumaini kwamba hofu itafanya kazi ambayo heshima ilimzuia kuifanya.

"Mwavuli mkubwa unaweza kufunguka vibaya," alisema. "Kamba zinajisokota, tunaanza kuzunguka. Hapo navuta kishikio hiki cha ubavu wa kulia, mwavuli mbovu unatuacha na kwenda zake. Kisha navuta hiki cha kushoto, unatoka mwavuli wa akiba. Vishikio viwili, na mikono yangu ni miwili. Sasa mikono yako, mama, inakaa wapi?"

"Kifuani."

"Na abiria akinishika mikono yangu?"

"Tunakufa," alisema Gaudensia, kwa sauti ya mtu anayejibu katekisimu.

"Nikisema 'Kifua!'?"

Akaipiga mikono yake kifuani, kavu, ikasikika mpaka kwa kuku. Hofu haikufanya kazi yoyote. Walilala kifudifudi juu ya mkeka wakafanya mazoezi ya kukunja miguu, Bulonza akiwazunguka na kusema sikio la kufa halisikii dawa.

Jambo moja tu lilimshangaza Gaudensia. Alikuwa amedhani mwanawe ndiye atakayembeba. Lakini kwenye picha za kitabu, abiria yuko mbele, na mwalimu amefungwa nyuma yake, mabegani na kiunoni.

"Kumbe ninayekubeba ni mimi," alisema.

Anatoli akacheka, akasema walioandika kitabu hawaoni hivyo.

Na kwa kuwa mgongo ulikuwa umetajwa, hadithi ikaja, ile ile. Mwaka wa kukimbia vita, Anatoli akiwa mtoto wa kunyonya, Gaudensia alimbeba mgongoni kwa kitenge kilichochakaa, fundo likiteleza kila hatua. Tangu Gashoho mpaka porini karibu na Kobero mikono yake ilikuwa nyuma, imeshika vile vijiguu viwili, wala hakuthubutu kuviachia hata afute jasho, kwa sababu mtoto alikuwa macho, anajipinda, na mtoto aliye macho haachiwi. Upande wa Kabanga, Tanzania, ulipoanza kuonekana, kichwa kidogo kilimlegea shingoni. Amelala. Akilala mtoto anatulia kama mzigo uliokaa, na mikono ya mama inarudi mbele yenyewe, kwenye jembe au kwenye mtungi. Siku ile ilirudi mbele ikachota maji ya kijito, akanywa. Baadaye, walipofika penye watu na moto, alimpigapiga na kumwambia, "Amka, baba, tumefika."

Anatoli aliijua hadithi hiyo neno kwa neno. Utotoni, kule kwenye kambi ya wakimbizi, aliikimbia akaenda kucheza mpira. Safari hii aliisikiliza mpaka mwisho, huku akikagua mishono ya mikanda.

Gitega iliwapokea kwa asubuhi nyeupe, ukungu bado umekaa mabondeni. Ndege ilikuwa ndogo, imeondolewa mlango, na ilipopaa Gaudensia alimwona Bulonza pembeni mwa uwanja akipunga kitenge cha njano, halafu akaona njano tu, halafu hakuiona tena. Aliketi mapajani mwa mwanawe, mikanda imewabana. Hakuogopa. Alijishangaa mwenyewe kwa kutoogopa, akadhani labda ameanza kusinzia, kwa maana kila kitu kilikuwa na ule upole wa ndotoni. Vilima vilikuwa vimelala huko chini, kimoja kimeegemea kingine, na migomba yote ya dunia ilikuwa rangi moja. Akatafuta upande wa Muyinga, kwao. Palikuwa na moshi mmoja mwembamba mbali sana, akaamua kwamba ule ndio wa jiko lake.

"Mama, kifua," alisema Anatoli sikioni.

Mikono ikaenda kifuani. Na mlango ule usio na mlango ukawapokea.

Hakuanguka. Hilo ndilo alilowaambia watu baadaye, na hawakumwamini. Alikuwa amelazwa juu ya upepo, upepo mnene, unashikika, na dunia haikusogea hata kidogo. Ilimngojea tu, na subira yake yote. Mashavu yake yalicheza yenyewe na machozi yakapanda juu badala ya kushuka. Aliwaza: hapa hapana harufu yoyote, si ya udongo wala ya moshi. Aliwaza: kumbe mwanangu hukaa huku. Furaha ikamjaa mpaka akaimba, ingawa hakusikia anachoimba.

Kisha juu yao kitu kikapasuka kama shuka linalokung'utwa. Mikanda ikamnyanyua, akaona miguu yake mwenyewe mbele ya uso, na mbingu ikaanza kuzunguka.

Mwanzoni ilizunguka polepole, kama ngoma inayoanza. Halafu kwa kasi. Vilima vikawa utepe wa kijani, jua likapita, likapita tena. Gaudensia hakujua kama hiyo ni hatari au ndiyo kawaida ya angani. Alichojua ni kwamba mgongoni mwake mtoto ameshtuka, anajipinda, na pembeni mwa mbavu zake, kulia na kushoto, vitu viwili vinateleza kwenda chini.

Mikono yake ikarudi nyuma ikavidaka.

"Kifua!" alisema Anatoli. "Mama, kifua!"

Alilisikia neno. Alilijua, angeweza hata kulieleza maana yake. Lakini mikono haikuwa inasikiliza kitabu. Ilikuwa imeshika viganja vya mwanawe kwa nguvu zote za jembe, na kadiri Anatoli alivyovuta ndivyo ilivyokaza, kwa kuwa mtoto anayevutwa namna hiyo ni mtoto anayeanguka. Kasi iliongezeka. Damu ilimjaa miguuni, mwanga ukaanza kuwa mdogo. Kwa mbali alifahamu kwamba anamuua mwanawe, akataka kuachia, na mikono ikakataa.

Ndipo Anatoli akaacha kuvuta.

Gaudensia alihisi viganja vile vikilegea ndani ya viganja vyake, kimoja, halafu kingine. Mgongo uliokuwa unajipinda ukatulia. Kichwa kizito kikamwangukia shingoni, pumzi ya moto ikampiga nyuma ya sikio, polepole, kana kwamba hakuna kinachozunguka.

"Nimelala, mama," sauti ilisema.

Mikono yake ikarudi mbele. Hakuiamuru. Ilikuja kifuani na kukaa hapo, kama ilivyotoka nyuma siku ile ya kijito.

Alihisi mvuto wa kulia, na kile kilichowazungusha kikaondoka. Wakaanguka bila kushikiliwa na kitu, katika ukimya mkubwa. Alihisi mvuto wa kushoto. Kisha kitu kikawanyanyua kwapani, kwa upole, na dunia ikasimama mahali pake, kila kilima na bonde lake.

Walishuka polepole. Mwavuli mbovu ulikuwa unaelea mbali, ukielekea mikaratusi, mzuri kabisa kwa asiyeujua. Gaudensia alisikia mbwa, halafu jogoo, halafu harufu zikarudi, udongo kwanza. Aliambiwa ainue miguu, akainua. Wakaburuzika kwenye shamba la maharage la mtu, wakakaa hapo, bado wamefungwa pamoja.

Bulonza alikuwa anakuja mbio, kiatu kimoja mkononi, akipiga kelele: "Yesu wangu! Iko wazima? Mama Anatoli, we iko mzima?"

Anatoli hakufungua mikanda. Alikuwa ameegemeza paji la uso mgongoni kwa mama yake, na mgongo ule ulitikisika kwa kilio chake. Alikuwa mwanamume mzima, mwalimu wa watu, na alilia kwa sauti. Gaudensia akapeleka mkono nyuma, akampigapiga pajani.

"Amka, baba," alisema. "Tumefika."